Picha Zinazokwenda: Sanaa ya Kupaka na Kufuta

Ukitaja uchoraji mbele ya wanafunzi wengi, mara moja hufikiri juu ya picha iliyotiwa fremu na kutundikwa ukutani, nayo imetulia pale pale mwaka hata mwaka. Ukitaja katuni, hufikiri juu ya watoto wadogo waliokaa mbele ya televisheni siku ya Jumamosi wakicheka. Ni wachache wanaojua kwamba kati ya mambo hayo mawili iko sanaa ya tatu, ambayo ni uchoraji hasa, wa rangi na brashi na vidole, walakini picha zake hazikai kimya: zinakwenda. Sanaa hiyo kwa Kiswahili huitwa uhuishaji, yaani kukitia uhai kitu kisicho na uhai. Nimeisoma muhula huu kwa msaada wa mwalimu wetu wa sanaa, na kwa kuwa gazeti letu husomwa na wanafunzi, walimu na wazazi wetu pia, naona yafaa niwaeleze wenzangu yale niliyoyapata.

Kwanza hatuna budi kufahamu jinsi picha inavyokwenda, maana kwa kweli hakuna picha inayokwenda. Utepe wa filamu ni picha nyingi zilizotulia, zimepangwa mfululizo, kila moja imehitilafiana kidogo tu na ile iliyoitangulia. Mashine huzionyesha upesi upesi, na ubongo wetu huziunganisha, tukaona mwendo mmoja. Tangu sinema zilipoanza kutoa sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920, kawaida imekuwa picha 24 kwa kila sekunde. Wahuishaji wengi hujipunguzia kazi kwa kuchora picha 12 na kuipiga kila moja mara mbili, na macho hayalalamiki. Anayetaka kuhakikisha jambo hili achukue daftari la zamani, achore nukta pembeni mwa kila ukurasa, kila nukta juu kidogo kuliko ile ya ukurasa uliopita, kisha azipitishe kurasa haraka kwa kidole gumba. Nukta itapanda kama tiara penye upepo. Naomba tu daftari liwe lake mwenyewe, si la mwenziwe wa kitanda cha juu.

Sasa fanya hesabu. Sinema ya dakika 10, kwa picha 12 kila sekunde, yataka picha 7,200. Mchoraji wa ukutani akimaliza picha 7,200 maishani mwake atahesabiwa kuwa mtu wa ajabu. Mhuishaji anayepaka kwa mkono hana sifa yoyote kwa kufikisha idadi hiyo. Ndiyo kwanza amemaliza sinema moja fupi.

Watu husema sinema ilizaliwa Paris tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walipowaonyesha watu picha zao zilizopigwa kwa kamera. Lakini katika mji huo huo, tarehe 28 Oktoba 1892, Mfaransa Émile Reynaud alikuwa amekwisha kuwaonyesha watu picha zinazokwenda, katika jumba la Musée Grévin. Hakutumia kamera. Alipaka kila picha kwa mkono wake juu ya vipande vya jelatini, akaviunga vikawa utepe mrefu, akauzungusha utepe huo kwa mkono mbele ya taa. Mchezo wake mmoja, Pauvre Pierrot, ulikuwa na picha 500 hivi, naye aliweza kuwashughulisha watazamaji kwa muda wa kama robo saa, maana alikuwa akiurudisha nyuma na kuupeleka mbele apendavyo, kama mpiga hadithi anayewaangalia wasikilizaji wake usoni. Kamera ilipokuja ikamshinda. Ilimeza kwa dakika chache kazi ambayo yeye aliihangaikia siku nyingi. Mwishowe alizitupa nyingi za picha zake katika mto Seine, na mwaka 1918 akafa. Zimebaki tepe zake mbili tu, hiyo ya Pierrot na nyingine iitwayo Autour d'une cabine.

Habari hii ilinigusa kwa sababu ya mambo ya nyumbani kwetu. Baba yangu ni fundi wa kuandika vibao. Maduka mengi ya mtaa wetu yana herufi za mkono wake, na vinyozi wawili wana vichwa alivyovichora yeye. Siku hizi wenye maduka hupeleka kazi zao kwenye mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na bango hutoka kwa saa moja. Likizo iliyopita, alipokuwa akiosha brashi zake kwa mafuta ya taa, aliniuliza, "Mwanangu, wewe ndiwe unayesoma. Ikiwa mashine yaweza, mkono una kazi gani tena?" Nikamjibu, "Nitauliza, baba." Basi katika kusoma habari za wahuishaji nimekuwa nikiuliza swali lile lile, kwa kuwa wao wameulizwa kabla yetu, tena zaidi ya mara moja.

Njia iliyoenea sana duniani ilikuwa ya seluloidi. Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd alisajili njia ya kuchora watu na wanyama juu ya karatasi angavu za seluloidi, na kuziweka juu ya picha ya mandhari. Faida yake ni dhahiri: mlima na nyumba huchorwa mara moja tu, na anayetembea mbele yake ndiye anayechorwa tena na tena. Kwa njia hiyo kampuni ya Walt Disney ilitengeneza Snow White and the Seven Dwarfs, iliyotoka mwaka 1937. Mistari ilichorwa kwa wino upande wa mbele, na rangi ikapakwa upande wa nyuma, ili alama za brashi zisionekane. Kazi hiyo ya wino na rangi ilifanywa zaidi na wanawake, ambao majina yao wengi wetu hatutayajua kamwe. Katika miaka ya mwanzo karatasi nyingi zilioshwa baada ya kupigwa picha, zikatumiwa tena. Njia hii iliishi muda mrefu. The Little Mermaid ya mwaka 1989 ndiyo sinema ndefu ya mwisho ya kampuni hiyo kupakwa rangi kwenye seluloidi, na mwaka uliofuata kompyuta ikashika kazi ya rangi.

Sinema hizo ni nzuri, na sitaki kuzidharau. Ila naona mpakaji wa seluloidi alifungwa mikono. Mmoja huchora, mwingine hupaka ndani ya mistari, na sifa ya mpakaji ni kwamba asionekane kabisa. Rangi ya joho la bibi harusi katika picha ya 1 lazima iwe sawasawa na ile ya picha ya 900. Mkono unaofundishwa kufanya kazi kama mashine, mashine ikija itauondoa bila shida. Hapo niliona kwamba jibu la baba haliko huku.

Wako wachoraji walioasi. Len Lye, mtu wa New Zealand aliyehamia London, aliiacha kamera kabisa akapaka rangi juu ya utepe wenyewe wa filamu. Sinema yake A Colour Box ya mwaka 1935 ni mistari na madoa ya rangi yanayocheza kwa muziki. Ililipiwa na idara ya posta ya Uingereza, nayo mwishowe huwatangazia watu bei ya kutuma vifurushi. Nilicheka nilipoisoma habari hiyo, lakini huenda ndilo tangazo zuri kupita yote yaliyopata kutolewa na ofisi ya posta. Norman McLaren, mtu wa Scotland, alikwenda Kanada mwaka 1941 katika shirika la filamu la serikali, na mwaka 1949 yeye na Evelyn Lambart walitoa Begone Dull Care, wakipaka na kukwaruza filamu kwa kufuata piano ya Oscar Peterson. Picha moja ya filamu ya kawaida ni ndogo kuliko stempu nyingi. Jaribu kupaka rangi ndani ya stempu, kisha fikiri kwamba utafanya hivyo mara 24 ili kupata sekunde moja.

McLaren alikuwa na fikira moja ambayo mwalimu wetu alitueleza, nasi tukaibishania mpaka kengele ya kulala. Aliona kwamba kinachotokea kati ya picha na picha ni kikubwa kuliko kilichomo ndani ya picha moja. Mwanzoni niliona kama kitendawili. Kati ya picha na picha si hakuna kitu? Ndiyo, hakuna kitu, lakini ndipo mwendo ulipo. Mfano wake ni ngoma: mpigaji hana mkono juu ya ngoma wakati wote, na ukiondoa nafasi baina ya pigo na pigo utabaki na kelele.

Sasa nifike kwenye njia niipendayo kuliko zote, nayo ni kupaka rangi juu ya kioo. Mhuishaji huchukua kioo bapa, na wengi huweka taa chini yake, na kamera juu yake ikitazama chini. Hupaka picha yake kwa rangi isiyokauka upesi. Huipiga kwa kamera mara moja. Kisha hafanyi picha ya pili kwenye kioo kingine. Huirudia ile ile: hufuta kidogo hapa, husogeza rangi kidogo pale, mkono uliokuwa chini huinuliwa upana wa uzi, naye hupiga tena. Picha ya kwanza imekwisha kufa. Haipo tena popote duniani ila ndani ya kamera. Ataendelea hivyo mpaka mwisho wa tukio, na juu ya kioo patabaki picha moja tu, ile ya mwisho. Haiwezekani kurudi nyuma.

Caroline Leaf, Mmarekani aliyefanya kazi Kanada, alitumia njia hii katika The Street ya mwaka 1976, hadithi ya mtoto wa Montreal ambaye bibi yake ni mgonjwa siku nyingi, na mtoto anangoja kupewa chumba cha bibi atakapokufa. Kwa kuwa picha haikatiki bali hugeuka, uso wa mama huweza kupanuka ukawa ukuta, na ukuta ukawa barabara, bila mtazamaji kuona mlango wa kutokea. Sijui mbinu ya kamera iwezayo kuonyesha vizuri namna hiyo jinsi mtoto anavyokumbuka mambo.

Walakini bwana mkubwa wa kioo ni Mrusi Aleksandr Petrov, aliyezaliwa mwaka 1957 katika mkoa wa Yaroslavl. Huyu hutumia rangi ya mafuta, ile ile ya wachoraji wa zamani, juu ya vioo kadhaa vilivyopangwa ghorofa, mtu kwenye kioo kimoja na mandhari kwenye kingine. Tena hapaki kwa brashi ila penye mambo madogo sana. Hupaka kwa ncha za vidole. Sinema yake ya mwaka 1989, Korova, maana yake Ng'ombe, yasimulia mtoto na ng'ombe wa nyumbani kwao anayehuzunika baada ya ndama wake kuondolewa. Mtu yeyote aliyefuga ataelewa bila kujua neno moja la Kirusi.

Kazi yake iliyojulikana kupita zote ni The Old Man and the Sea, yaani Mzee na Bahari, iliyotoka mwaka 1999, ambayo imetokana na kitabu cha Ernest Hemingway cha mwaka 1952. Aliitengeneza Montreal kwa zaidi ya miaka 2, akisaidiwa na mwanawe Dmitri. Ilikusudiwa kwa zile sinema zenye kiwambo kikubwa mno ziitwazo IMAX, kwa hiyo ilimbidi kupaka juu ya vioo vikubwa mara 4 kuliko alivyozoea. Sinema ina dakika 20 hivi. Dakika 20 kwa picha 24 kila sekunde ni picha 28,800, na kweli zimehesabiwa zaidi ya 29,000. Ukizigawanya hizo kwa siku za miaka 2, bila kuondoa hata Jumapili moja, utapata picha 40 hivi kwa siku, yaani hata sekunde 2 hazitimii. Mtu anaamka, anakunywa chai, anafanya kazi mpaka jioni, na kazi yake yote ya siku hiyo hupita kabla mtazamaji hajameza mate. Mwaka 2000 sinema hiyo ilipata tuzo ya Oscar kwa sinema fupi za uhuishaji.

Mwalimu alituonyesha ukutani mwa bwalo, usiku, wapishi wakiwa wamekaa nasi. Mzee Santiago ni mvuvi wa Cuba aliyekaa siku 84 bila kupata samaki. Anakwenda mbali peke yake, anamnasa nduaro mkubwa kuliko mashua yake, anapigana naye, anamshinda, kisha papa wanamla samaki wakati wa kurudi. Mwenzetu mmoja ambaye babu yake ni mvuvi alisema mzee anashika mshipi sawasawa. Lakini mimi nilitazama bahari. Bahari ile haitulii hata nukta moja. Mzee akikaa kimya, shati lake na anga na mbao za mashua zinatikisika kidogo kidogo, kama vitu vinavyopumua. Katika ndoto yake anarudi utotoni, alipokuwa baharia akipita pwani ya Afrika, na simba wanacheza juu ya mchanga. Mahali pengine yeye na yule samaki wanaogelea pamoja kama ndugu, ndani ya maji kisha ndani ya anga, na huwezi kusema maji yaligeuka anga wakati gani, maana ni rangi ile ile iliyosukumwa kwa kidole kile kile.

Baada ya hapo palitokea mabishano bwenini. Rafiki yangu, ambaye ni hodari wa fizikia, alisema, "Kama huo ni uchoraji, iko wapi picha yenyewe? Nionyeshe. Mchoraji asiyeweza kunionyesha picha yake hata moja amechora nini?" Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwa sababu katika mtihani wa sanaa mtahiniwa hutakiwa kutoa kazi inayoweza kushikwa mkononi. Nilimjibu kwa mfano wa hina. Bibi harusi wa pwani hupakwa hina mikononi na miguuni kwa maua ambayo humchukua fundi saa nyingi, na baada ya majuma machache hakuna kitu. Hakuna aliyepata kumwambia fundi wa hina kwamba hajui kuchora kwa sababu maua yake hayakudumu. Yeye akasema hina hufifia yenyewe, lakini Petrov hufuta kwa mkono wake. Hapo alikuwa na haki, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifikirisha: katika sanaa hii kufuta ni sehemu ya kupaka. Asiyekubali kuiharibu picha nzuri ya saa 4 hawezi kuipata ya saa 4 na dakika 20.

Iko sinema nyingine kubwa ambayo yafaa kulinganishwa na hiyo. Mwaka 2017 ilitoka Loving Vincent, iliyoongozwa na Dorota Kobiela na Hugh Welchman, juu ya kifo cha mchoraji Vincent van Gogh aliyefariki mwaka 1890. Wachoraji 125, wakifanya kazi Poland na Ugiriki, walipaka picha 65,000 hivi za rangi ya mafuta kwa mtindo wa van Gogh mwenyewe, 12 kwa kila sekunde. Kwa wastani kila mmoja alipaka 520. Kila tukio lilipakwa juu ya ubao mmoja, nao ukakwanguliwa na kupakwa tena mpaka tukio liishe. Ni kazi ya kustaajabisha, na nyota zake zinazunguka kweli kweli. Lakini waigizaji walipigwa kwa kamera kwanza, ndipo wachoraji wakafuata nyayo zao, na pengine naona mtu aliyevalishwa rangi badala ya rangi iliyopata kuwa mtu. Wenzangu wengi waliipenda kuliko ya mzee na bahari. Kila mtu na macho yake.

Sisi wa Afrika Mashariki nasi tumeguswa na jambo hili. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya mbao laini, na ingawa alikufa mwaka 1972, mtindo wake umekuwa wa watu wengi. Mwaka 2010 ulianza kuonyeshwa mfululizo wa televisheni uitwao Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi, wa hadithi za wanyama waliopambwa kwa mtindo huo. Madoa ya chui na mistari ya ndege ni ya mkono. Mwendo ni wa kompyuta. Wadogo zangu huupenda sana. Mimi nikiutazama huona kwamba mnyama akisimama, anasimama kabisa, kama kibao. Simlaumu mtu, kazi ya mfululizo wa televisheni haingeweza kungoja picha 40 kwa siku. Ila simba wa Petrov hata akilala huona damu inakwenda.

Kwa nini? Hapa ndipo nilipopata jibu ninaloweza kumpa baba. Mkono wa mtu hauwezi kufanya jambo moja mara mbili sawasawa. Ukiandika herufi A mara mia, utakuwa na A mia zilizo mbalimbali, hata kama wewe ni fundi wa miaka 30. Katika kibao hilo huhesabiwa kuwa upungufu, na mashine husifiwa kwa kuwa haina upungufu huo. Lakini ziweke hizo A mia katika utepe, uzipitishe mbele ya macho moja baada ya moja, na ile hitilafu ndogo baina ya A na A itakuwa pumzi. Herufi itaishi. A mia za mashine, zikipitishwa hivyo hivyo, hazitafanya lolote. Zitakaa pale kama msumari. Kumbe jambo lile lile tunalolificha katika kazi ya mkono ndilo linaloipa uhai picha inayokwenda.

Yule rafiki yangu wa fizikia asema kompyuta yaweza kuamriwa itikisike. Ni kweli, nimeiona ikifanya hivyo. Walakini mtikisiko huo ni kama chumvi iliyonyunyizwa juu ya chakula kilichokwisha kupikwa. Ule wa kioo umepikwa ndani. Najua pia kwamba jibu hili halitawarudisha wenye maduka waliokwenda kwenye mabango ya plastiki, na mkate haununuliwi kwa pumzi ya herufi A. Baba aliniuliza mkono una kazi gani, hakuniuliza una mshahara gani, nami nimejibu aliloniuliza. Likizo hii nitamwomba aniandikie jina la duka moja mara 24 kwenye karatasi, kwa brashi ile ile, nimwonyeshe.

Kwa kuwa elimu bila mikono ni nusu ya elimu, wanachama wa chama cha sanaa tulijaribu wenyewe muhula huu, na gharama yake ni ndogo. Tulichukua kioo cha dirisha kilichobaki ghalani, tukazibandika kingo zake utepe mnene ili tusijikate. Tulikilaza juu ya matofali, tukaweka tochi mbili chini yake na karatasi nyeupe kati ili mwanga utawanyike. Wenzetu wa karakana ya useremala walitutengenezea kigingi cha kuishikilia simu ya mwalimu isitikisike, na jambo hili ni la lazima, maana simu ikisogea hata kidogo dunia nzima huruka. Rangi ya mafuta ni ghali, kwa hiyo tulitumia rangi za maji tukazichanganya na matone ya glisirini, ile ile ya dukani wanayopaka watu wakati wa baridi. Glisirini huizuia rangi isikauke. Bila hiyo, rangi ya maji kwenye kioo chenye joto la tochi hukauka kabla hujavuta pumzi.

Tulichagua kumchora yangeyange anayeruka kutoka uwanja wa mpira, kwa sababu wako wengi na huruka polepole. Tulianza saa 8 mchana, tukamaliza saa 12 jioni. Tulipata picha 36. Kila picha ilituchukua dakika 6 au 7, mmoja akifuta, mmoja akipaka, wa tatu akipiga na kuhesabu kwa sauti. Bawa lilipopanda liliacha ukungu mweupe nyuma yake juu ya kioo, na mwenzetu alipotaka kuusafisha mwalimu akamzuia. Tulipoitazama tulielewa: ule ukungu ulikuwa upepo wa bawa. Ndege akainama, akasukuma, akaondoka. Sekunde 3. Tuliitazama mara nyingi mpaka simu ikaishiwa na umeme, na juu ya kioo palikuwa pamebaki mguu mmoja tu na ncha ya mkia, pembeni kabisa, maana ndege mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda zake.

Muhula ujao tunakusudia kuchora mvua inayokuja kutoka upande wa milimani, kwa sekunde 10, yaani picha 120, na kwa hiyo twahitaji watu zaidi. Chama hukutana katika chumba cha sanaa kila Jumamosi saa 8 mchana. Kidato chochote chakaribishwa, na si lazima mtu awe hodari wa kuchora. Kuhesabu bila kusahau nako ni kazi kubwa. Anayekuja aje na kitambaa chake cha pamba cha kufutia, kwa sababu vyetu vimekwisha.